Udongo Aliokuja Nao

Mwanangu, nimesahau siku nyingi, lakini iko moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo. Haboba alikuja nyumbani kwa shangazi yangu kuazima chekecheo. Alimkuta shangazi ameshika mmea shingoni, kama mtu aliyeshika kuku wa kuchinja, mizizi inaning'inia nje na maji ya matope yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Haboba hakumaliza hata hodi yake. Alisema tu, "Weka chini."

Nitakueleza Haboba alikuwa nani na mmea ule ulitoka wapi. Usiwe na haraka. Haraka ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, mimi ambaye shule sikufika nayo mbali na ninaandika kama ninavyosema.

Juzi mjukuu wangu Ayikoru, anayekaa Luzira karibu na kule wanakoteremkia Port Bell, alinipigia simu. Amenunua mmea wa sebuleni kwa wale wauzaji wa kando ya barabara. Ni ule wa majani mapana yaliyotoboka toboka utadhani yameliwa na panzi. Zamani jani likitoboka tulilitupa. Siku hizi linapendwa kwa matundu hayo hayo. Sawa, kila zama na mambo yake. Jioni ile ile aliutoa kwenye mfuko wake mweusi, akasuuza mizizi bombani mpaka ikawa myeupe, akaupanda kwenye chungu kikubwa cha kung'aa. Sasa majani yanageuka manjano, na anataka kujua aongeze maji au aongeze mbolea. Nikamwuliza kama chungu kina tundu chini. Akasema, "Jaja," maana ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi huku, "kikiwa na tundu kitaniharibia zulia." Halafu, kama mtu mwenye jambo jingine mdomoni, akasema atanipigia tena.

Nilikuwa nimeanza kucheka. Kicheko kikanikauka, kwa sababu maneno yale ya zulia nilishayasikia zamani, ila wakati huo hapakuwa na zulia. Palikuwa na ukaguzi.

Nililelewa kambi ya polisi Nsambya, lakini sikuzaliwa pale. Nilizaliwa kwetu, upande wa Arua. Baba alitangulia, kisha mama naye akafariki, na shangazi yangu, dada wa baba, akatuma neno kwamba mtoto aletwe Kampala. Nilikuwa msichana wa kuweza kubeba maji, lakini si wa kuweza kusonga posho, yaani ugali, bila kusaidiwa. Nilipanda basi nikiwa nimejifunga kitenge cha mama, na sikukivua njia nzima, hata jua lilipokuwa kali.

Shangazi aliolewa na askari. Sisi tulimwita Afande, majirani walimwita Afande, na shangazi mwenyewe alimwita Afande hata wakigombana. Walikuwa hawajapata mtoto, na hilo uliweke akilini, maana bila hilo utamwona shangazi mtu mbaya, na hakuwa mbaya. Alikuwa na kiu.

Tulikaa kwenye yuniporti. Labda wewe hukuziona: ni nyumba ya bati, ya mviringo, kama kofia ya chuma iliyowekwa chini, chumba kimoja na pazia katikati. Jua likipiga, ndani unaoka mkate, alfajiri unatetemeka. Zilipangwa kwa mstari, na kila Jumamosi mkubwa alipita na fimbo yake kwapani kukagua. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Sufuria zilisuguliwa kwa mchanga mpaka ukajiona usoni. Na maua yalikaa kwenye makopo, hakuna aliyepanda ardhini, kwa sababu ardhi haikuwa yetu na uhamisho ulikuja bila hodi. Leo uko Nsambya, kesho uko Moroto. Ukipanda ardhini umempandia mwenzio.

Wiki niliyofika mimi ndiyo wiki ulipofika mmea. Mkubwa mmoja alihamishwa, mkewe akagawa vitu visivyobebeka, na shangazi akapata mmea uliokuwa sebuleni kwao. Ulikuwa wa kutambaa, shina lina vifundo kama muwa, majani mazito mfano wa jembe jipya. Ulikaa kwenye chungu kidogo cha udongo uliofinyangwa, mizizi imejaa mpaka inachungulia kwa chini. Katika mstari wetu wote hakuna aliyekuwa na mmea wa kukaa ndani ya nyumba. Wanawake walikuja kuutazama. Shangazi aliufuta vumbi kama mtu anayemfuta mtoto pua.

Ijumaa, siku ya kujiandaa na ukaguzi, shangazi aliamka na mikono ya moto. Aliung'oa mmea kwenye chungu chake, akaukung'uta udongo wote akautupa nyuma ya jiko, akaosha mizizi kwenye beseni kama anaosha dodo, ule mchicha wa mboga. Akachukua kopo kubwa la rangi, ambalo Afande alikuwa amelipaka nje rangi ya bluu, akajaza udongo mzito wa kando ya mtaro, akaukandamiza kwa kiganja, akamwagia maji mpaka yakasimama juu. Kutoboa kopo hakutaka. Lingevuja sakafuni mbele ya mkubwa. Afande, kwa upande wake, alileta vaselini na kitambaa, akayapaka majani moja moja kwa mzunguko ule ule anaopakia buti zake. Yaling'aa kweli, hilo siwezi kukataa.

Walipomaliza mmea, wakanigeukia mimi. Nilinyolewa. Kitenge cha mama kikavuliwa, kikasemwa kina wadudu wa safari, nikavalishwa gauni lililokuwa gumu kwa wanga. Jina langu, Candiru, likaachwa. Kwetu jina hilo lina shida ndani yake, maana mama alinizaa wakati wa taabu, na shangazi aliogopa lisije likaingiza taabu ndani ya nyumba inayosubiri baraka. Nikaambiwa naitwa Grace. Na nikaambiwa Kilugbara basi. Kambini tunasema Kiswahili, kila mtu ni mtu wa polisi. Shangazi mwenyewe ni Mlugbara wa tumbo moja na baba yangu. Alinifundisha jibu la kumpa mkubwa akiniuliza jina, nikalirudia mpaka akaridhika.

Jumamosi mkubwa alisimama mlangoni kwetu. Aligusa jani kwa ncha ya fimbo akasema vizuri sana, na Afande akaongezeka urefu. Kisha mkubwa akainama kwangu, kwa upole tu, akaniuliza jina langu nani. Nilifungua mdomo. Jibu nililofundishwa halikutoka, na lile langu lilikuwa limekatazwa. Nikabaki mdomo wazi kama samaki. Mkubwa akangoja, akatabasamu, akapita. Afande hakutabasamu.

Tangu siku hiyo sikusema tena, na chakula nikakiona kama mchanga. Sikuwa nagoma, mwanangu. Watu walidhani nagoma.  Shangazi alinipikia kila alichokijua, akaniketisha, akanitazama usoni, akaniuliza, umezoea? Asubuhi, umezoea? Majirani wakija aliniita katikati yao, huyu ndiye mwanangu, hebu sema, umezoea? Na mmea nao aliufanyia hivyo hivyo. Ulipoanza kulegea aliongeza maji. Ulipogeuka manjano aliutoa mlangoni akauegemeza kwenye bati kupata joto, na bati la mchana linaunguza. Kisha akaurudisha ndani. Kila baada ya muda aliuvuta nje ya udongo kutazama kama umeshika, akaurudisha, akakandamiza.

Usiku mmoja nilimsikia Afande nyuma ya pazia. Alisema mtoto huyu atatufia mikononi na watu wa kwenu watasema tumemuua. Mwisho wa mwezi apande basi arudi.  Mimi nilijua arudi wapi. Kwetu kulibaki nyumba iliyofungwa kwa kipande cha waya, na baba mdogo aliyekunywa hata mbegu za kupanda. Kurudi kulikuwa kwenda kukaa nje ya mlango. Lakini ningesemaje, na kwa lugha ipi?

Basi ndipo Haboba akaja kuazima chekecheo.

Haboba ni bibi, kwa Kinubi. Alikuwa mjane wa askari wa zamani, akikaa jirani yetu na mwanawe aliyekuwa polisi. Mwanamke mrefu mkavu, mkali, kazi yake kusuka vile vifuniko vya rangi vya kufunikia chakula. Alikuwa amehama kambi nyingi kuliko alivyopenda kuzitaja, na kila alipohama alibeba makopo yake ya mimea. Pale kambini watoto wadogo walimwogopa. Mimi nilimwogopa pia, mpaka siku hiyo.

"Weka chini," alisema, na shangazi akaweka.

Shangazi akaanza kujitetea. Alisema mmea huu ni mkaidi, ameupa kopo kubwa, udongo mwingi, maji asubuhi na jioni, hata mafuta ameupaka, na bado unamwaibisha. Haboba akamwuliza kwa nini ameuvuta. Akasema anatazama tu kama umeshika.

"Utashika saa ngapi?" Haboba akasema. "Kila mmea ukinyoosha mkono kushika, wewe unauvuta. Hata mimi mzee ukinivuta hivyo nitaanguka."

Akaliinamisha kopo. Maji yaliyotuama chini yalinuka kama mtaro. Mizizi ilikuwa myeusi, na alipoipitishia vidole ganda liliteleza likabaki uzi. Akaligeuza kopo akagonga kitako chake kwa kifundo cha kidole. Shangazi akawahi kusema, kwamba likiwa na tundu litavuja siku ya ukaguzi.

"Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi," Haboba akasema. "Mkubwa alikaa hapa muda wa kukohoa mara moja. Mmea unalala humo."

Aliketi kwenye kigoda akaagiza kisu, maji ya moto na jivu. Alikisafisha kisu, akakata mizizi yote iliyooza, bila huruma, mpaka akafika penye weupe. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Akaupima mmea kwa macho, kisha akakata pia kipande cha juu cha shina, chini kidogo tu ya kifundo, chenye majani machache. Akasema mama anaweza kufa, tumwekee mtoto pembeni. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema tuweke chumvi pembeni. 

Kisha akauliza udongo mmea uliokuja nao uko wapi. Shangazi akasema ulikuwa mchafu, aliutupa. Ndipo Haboba akanigeukia. Alikuwa ameishi kambi ya Arua ujanani, akaokota Kilugbara, kibovu, kilichovunjika kila upande, lakini Kilugbara. Akaniambia nenda nyuma ya jiko ulete udongo ule, hata kama umebaki gao moja la mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye basi kusikia mtu akinituma kwa lugha ya kwetu. Nilikwenda mbio. Nikauzoa kwa mikono miwili, na majivu yake na maganda yake, nikamletea.

Aliuchanganya na mchanga na majani makavu yaliyooza, akaurudisha mmea kwenye kile kile chungu chake kidogo, bila kuukandamiza. Akaupa maji kidogo, mengine akakataa. Shangazi akasema, kwa unyonge sasa, kwamba chungu hicho ni kidogo mno. Haboba akasema mgonjwa hapewi shamba, anapewa kitanda.

Kisha, bado anafuta mikono, bila hata kunitazama, akasema: "Na huyu? Udongo aliokuja nao uliutupa wapi?"

 Shangazi alielewa, niliona shingo yake ikielewa kabla ya uso. Haboba hakupaza sauti. Alimwambia umemnyoa, umemvua, umemwita jina la mtu mwingine, umemfunga ulimi, yote kwa Ijumaa moja, ili asimame vizuri Jumamosi. Shangazi akajaribu kujikinga kwa methali, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

"Jembe la mgeni ni la kumwondoa," Haboba akasema. "Huyu unataka aondoke?"

Hapo shangazi aliketi chini, pale pale penye matope, akalia. Alisema huyu akirudi kwao watu watasema hata mtoto wa kupewa amenikataa. Haboba alimwacha alie. Hakumbembeleza wala hakumkaripia zaidi. Alipomaliza akamwambia alete kile kitenge.

Kitenge kilikuwa kwenye sanduku la buti. Afande alikikuta kwenye matambara akakifanya cha kung'arishia viatu. Kilikuwa na rangi nyeusi mabaka mabaka na kunuka dawa ya viatu. Nilikipokea nikakipekua, nikakigeuza, mpaka nikapata kona moja ambayo hakuna aliyeigusa. Nikaiweka puani. Sitasema zaidi juu ya kona ile.

Haboba akaniuliza kwa kile Kilugbara chake jina langu nani.

"Candiru," nikasema.

Hilo ndilo neno la kwanza nililotamka tangu mkubwa aliponiuliza pale mlangoni. Shangazi akashtuka, akanong'ona kwamba ni jina la shida. Haboba akamjibu kwamba jina la shida halileti shida. Linasema shida ilikuja, ikapita, na mtoto akabaki.

Kabla hajaondoka alitoa amri, na alitoa kama sajini. Mmea usiguswe. Usisogezwe mlangoni wala dirishani. Ukae hapo kwenye kivuli chenye mwanga, mbali na bati. Kile kipande kikaingia kwenye chupa ya maji, kifundo ndani ya maji, majani nje, na kazi ya kubadilisha maji yakichafuka ikawa yangu, ya mtu mwingine haikuwa. Na asiwepo mtu wa kuuliza, mmea wala mtoto, kama umezoea. Halafu akachukua chekecheo alilokuja kuazima akaenda.

Afande aliporudi shangazi alimweleza. Sijui alimwelezaje, ila nilisikia akisema mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo vijana mnaposhindwa. Hakuna kilichotokea. Chupa ilikaa, kifundo kilikaa, maji yalikuwa maji. Majani ya mmea mkubwa yaliendelea kudondoka, na shangazi alikuwa akiyaokota kwa mikono iliyotaka kufanya jambo, anajizuia, anakwenda kusugua sufuria iliyokwisha sugulika. Mimi nilikaa na kitenge changu. Jioni shangazi aliweka sahani karibu nami akaenda kushughulika kwingine, hakunitazama. Nadhani ile ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Siku ya kwanza nilikula kwa kuwa hapakuwa na jicho juu yangu. Siku nyingine nikala kwa kuwa nilisikia njaa.

Asubuhi moja, nikibadilisha maji, nikaona kwenye kifundo kitu cheupe, kidogo kama jino la mtoto linapotaka kuchomoza. Nikaitazama chupa kwenye mwanga. Kulikuwa na kingine. Nikapiga kelele nikimwita shangazi, kwa Kilugbara, nikamwambia aje aone, imeota. Alikuja mbio na mikono ya sabuni. Akainama, akaona, akanijibu. Kwa Kilugbara akanijibu, mwanangu, ile lugha aliyoikataza yeye mwenyewe. Sijui kama hata alijisikia. Tulikaa pale chini vichwa vyetu vimegusana tukitazama vijino viwili ndani ya chupa.

Mmea mkubwa ulikufa. Sitakudanganya ili hadithi ipendeze. Ulikuwa umeshaoza mno, na Haboba alisema ameona. Kipande ndicho kilichobaki.

Mwisho wa mwezi ulifika. Afande aliamka mapema, siku yake ya mapumziko, na mimi nilikuwa nimekwisha kunja kitenge changu nikakiweka magotini, kwa sababu nilikumbuka maneno ya nyuma ya pazia. Alitoka nje. Nikasikia kugonga. Nikasikia tena. Nilipochungulia nilimkuta amechuchumaa kwenye mstari wa makopo yetu na msumari na nyundo, kopo la bluu limelala kifudifudi mbele yake, anatoboa vitako. Aliniona akasogeza mguu kunipa nafasi.

"Candiru," akasema, "shika hapa, linateleza."

Nikashika. Hakuna aliyetaja basi tena katika nyumba ile.

Kipande kilipokuwa na mizizi ya urefu wa kidole, Haboba alituruhusu kukihamishia kwenye kopo dogo la maziwa, lenye matundu, udongo mwepesi. Jumamosi lilivuja kidogo sakafuni. Mkubwa aliruka kidimbwi, akapita. Dunia haikuanguka.

Mwanangu, sasa nasema lile nililokalia chini kulisema.

Ukileta mmea mpya nyumbani, usiuguse. Umetoka kwenye kivuli chake, umepanda boda, umeingia kwenye hewa yako na jua lako. Hiyo ni safari tosha. Uache na udongo wake na mfuko wake, uuache udondoshe majani utakayodondosha, nawe usiuonee haya mbele ya wageni. Ukiona umetulia na kutoa jani jipya, hapo uhamishe, na chungu kiwe kipana kidogo tu kuliko cha kwanza, kiwe na tundu, na udongo wa zamani uende nao. Maji, ingiza kidole kwanza. Kidole kikitoka kikavu, mwagia, kikitoka na unyevu, ondoka. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ukitaka kuotesha kipande, kata chini ya kifundo, weka majini, badilisha maji, na ukae mbali. Mizizi hutoka wakati hakuna anayeivuta.

Lakini usije ukasema bibi huyu amefundisha uvivu. Subira si kusahau. Shangazi hakunisahau hata kidogo zile siku ambazo hakunitazama. Sahani ilikuwapo kila jioni. Maji yalibadilishwa. Yupo mtu anayemwacha mtoto peke yake akasema nampa nafasi, kumbe amemchoka. Mtoto anajua tofauti, na mmea nao unajua.

Ayikoru alipiga tena jana, kama alivyoahidi. Lile jambo lililobaki mdomoni lilitoka. Mume wake alikuwa na mtoto nje kabla hawajaoana, na mama wa mtoto amefariki, na mtoto sasa yuko kwao Luzira. Mmea ule aliununua ili chumba cha mtoto kipendeze. Alimnunulia na kitanda, na nguo, na amemwandikisha shule mpya. Mtoto hasemi wala hali, analala amekumbatia shuka chakavu. Akaniuliza, Jaja, nimekosa nini?

Hujakosa kupenda, mjukuu wangu. Umependa kwa haraka ya ukaguzi. Nitakuja Jumapili baada ya kanisa, na nitakuja na msumari kwa ajili ya chungu chako. Nitaleta pia chupa yenye kipande, ukoo wa kile kile cha Nsambya, maana kila mtoto wangu aliyetoka kwangu ametoka nacho. Huyu naye ni wangu, mpe yeye chupa ashike. Na ile shuka aliyokuja nayo, usiifue kabla sijafika.

Wewe mwingine unayesoma, na mwenye nyumba inayongoja mtu, Mungu akupe mikono inayojua kutulia. Anayeingia kwako aingie na jina lake, na udongo wake, na harufu ya kwao, na apate kwako kivuli chenye mwanga. Utakapomkuta asubuhi moja ameshika, bila wewe kumvuta, uwe na machozi ya furaha ya kutosha, na hata yakidondoka sakafuni, yaache.